Programu iliyosoma picha ya kifua chako, ni ileile iliyopimwa?

Miaka michache iliyopita dereva mmoja wa bodaboda alikuja kwenye zoezi letu la uchunguzi wa kifua kikuu. Alikuwa akikohoa kwa wiki tatu. Tulimpiga picha ya kifua, yaani eksirei, na kompyuta iliyounganishwa na mashine ikaisoma picha hiyo kwa muda mfupi tu na kutoa namba: 41. Mpaka tuliopangiwa ulikuwa 50. Aliyepata 50 au zaidi alipelekwa kupima makohozi, aliyepata chini ya hapo aliruhusiwa kwenda nyumbani. Naye akaruhusiwa.

Baada ya wiki tisa alirudi ameshikwa mkono na mkewe. Alikuwa amekonda sana, anatoka jasho na hawezi kumaliza sentensi bila kukohoa. Mgongoni mwa mama alikuwapo binti yao wa miaka mitatu, naye anakohoa. Vipimo vya makohozi vya baba vilionyesha kifua kikuu.

“Dokta, si mliniambia mashine imesema sina kitu?” aliniuliza.

“Pole sana, kaka. Ngoja nifuatilie,” nikamjibu.

Nilifuatilia kweli. Nilitaka kujua jambo moja tu: ni toleo gani la programu lililosoma picha yake? Nilijua kwamba katika mwezi huohuo programu ilikuwa imesasishwa kupitia intaneti. Kwenye kumbukumbu nilikuta jina lake, tarehe na ile namba 41. Toleo halikuandikwa popote. Nikampigia simu muuzaji, akasema mabadiliko yalikuwa madogo na hayakugusa majibu. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Si yeye wala mimi tuliyeweza kuonyesha ushahidi.

Sitaficha sehemu yetu katika hili. Mtu aliyekohoa wiki tatu alipaswa kupimwa makohozi hata kama kompyuta ingempa sifuri. Hilo lilikuwa kosa letu tuliovaa makoti meupe, nami nikiwamo. Tunashukuru Mungu baba na binti walimaliza dawa wakapona. Lakini swali lake halikuniacha, na kwa kuwa programu za akili mnemba, ambazo wengi huziita AI, zinazidi kuingia hospitalini, leo nataka tulizungumze pamoja.

Programu nayo ina bechi

Mzazi akiniletea mtoto aliyevimba uso baada ya kunywa dawa ya maji, kitu cha kwanza ninachoomba ni chupa au boksi. Natafuta jina la dawa, tarehe ya kuisha muda na namba ya bechi. Namba hiyo ndiyo inayoniwezesha kutoa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na tatizo likithibitika, bechi hiyo huondolewa sokoni bila kugusa nyingine zilizo salama.

Programu ya akili mnemba haina boksi, lakini nayo ina bechi. Ndani yake kuna mamilioni ya namba ambazo kompyuta imejifunza kwa kuonyeshwa picha nyingi za watu wagonjwa na wazima. Namba hizo ndizo zinazoamua kwamba kivuli hiki kwenye pafu kina shaka na kile hakina. Zikibadilishwa, una programu nyingine, ingawa jina ni lilelile na skrini inaonekana vilevile.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikubali programu za aina hii zitumike kusoma picha za kifua katika kuchunguza kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Ulikuwa uamuzi mzuri, kwa sababu sehemu nyingi za nchi zetu hazina daktari bingwa wa kusoma picha. Lakini shirika hilo pia lilitoa mwongozo wa kuwasaidia watumiaji kupanga mpaka wa alama unaofaa mahali pao. Sababu ni kwamba alama hizo si kama nyuzijoto za homa, ambazo 38 ni 38 popote ulipo. Alama ya 50 katika programu moja si sawa na 50 katika nyingine, na toleo jipya la programu ileile linaweza kugawa alama tofauti na toleo lililotangulia.

Ndiyo maana swali la toleo lina uzito. Ukitumia mpaka uliopangwa kwa toleo la zamani kusoma alama za toleo jipya, unaweza kuwarudisha nyumbani wagonjwa, au kuwasumbua wazima.

Alama ya kidole ya faili

Habari njema ni kwamba wataalamu wa kompyuta wana dawa ya tatizo hili, tena ya siku nyingi. Inatoka katika taaluma ya kriptografia, ile inayolinda pia fedha zako benki.

Zana ya kwanza ni kama alama ya kidole. Unaipa kompyuta faili lolote, liwe barua ya mstari mmoja au programu kubwa ya hospitali, nayo inapiga hesabu na kukupa mstari mfupi wa herufi na tarakimu. Njia inayotumika sana inaitwa SHA-256, na mstari wake huwa na herufi na tarakimu 64 tu, faili liwe dogo au kubwa. Ukibadilisha nukta moja ndani ya faili, mstari wote unakuja tofauti kabisa. Hadi leo hajapatikana mtu aliyeonyesha mafaili mawili tofauti yenye alama moja kwa njia hii.

Sasa turudi kwenye kifua cha yule dereva. Waliopima ubora wa programu wangetangaza alama ya kidole ya toleo walilolipima. Sisi kituoni, kila asubuhi kabla ya kuanza kazi, kompyuta yetu ingepiga hesabu ya faili lililomo ndani yake. Mistari miwili ikilingana, programu ni ileile. Isipolingana, tunasimama na kuuliza. Kazi hiyo kompyuta huifanya yenyewe kwa muda mfupi, na zana zake ni za bure.

Muuzaji hana cha kuogopa hapa. Alama ya kidole haimwambii mtu kilichomo ndani ya faili, kama vile alama ya dole gumba lako kwenye fomu isivyoeleza unachofikiri. Anaweza kuendelea kuficha siri yake ya biashara, lakini hawezi kubadilisha programu kimyakimya bila sisi kujua.

Saini, na daftari lisilofutwa

Zana ya pili ni saini ya kidijitali. Alama ya kidole inaonyesha kwamba faili halijabadilika, lakini haisemi nani kaliidhinisha. Saini ndiyo inayosema hivyo. Mwenye kutia saini ana ufunguo wa siri, na dunia nzima inapewa ufunguo wa wazi wa kuhakikisha saini yake. Yeyote anaweza kuhakiki, lakini hakuna anayeweza kughushi bila kuwa na ule ufunguo wa siri.

Kama ulisafiri wakati wa Uviko-19, huenda ulishatumia kitu hiki bila kujua. Kile kimraba chenye vidoti vyeusi kwenye cheti cha Umoja wa Ulaya kilichoanza kutumika Julai 1, 2021 kilikuwa na saini ya namna hii. Afisa wa uwanja wa ndege alikielekezea simu na kujua palepale kama cheti kilitolewa na nchi yenye mamlaka au kilichapwa uchochoroni. Msimbo wa mfumo huo uliwekwa wazi ili nchi nyingine zijiunge, na mwaka 2023 WHO iliuchukua kuwa msingi wa mtandao wake wa vyeti vya afya.

Zana ya tatu ni daftari. Waliowahi kufanya kazi wodini wanalijua lile daftari la mofini na pethidini. Kurasa zake zina namba, huandikwi kwa penseli, hufuti wala huchani, na kila ampuli inayotoka inasainiwa na watu wawili. Ukikosea, unakata kwa mstari mmoja ili kosa lenyewe libaki likisomeka. Kwenye kompyuta kuna daftari la namna hiyohiyo: kila toleo jipya la programu linaandikwa alama yake ya kidole, aliyelisaini na muda, na mistari imefungamana kihesabu kiasi kwamba ukigusa mmoja wa zamani, yote inayofuata inakusuta.

Mradi unaojulikana kwa kazi hii ni Sigstore, uliotangazwa mwaka 2021 chini ya Linux Foundation. Na Aprili 2025 jumuiya ya usalama wa programu huria, OpenSSF, ilitoa toleo la kwanza kamili la zana ya kusaini mifumo ya akili mnemba yenyewe, zile namba zake za ndani nilizozitaja. Kwa hiyo ninachokisimulia si ndoto ya miaka 50 ijayo. Zana ziko tayari, na yeyote anaweza kuzichukua bila kulipa.

Kwa nini ziwe huria

Msomaji mmoja aliwahi kuniambia, “Dokta, kitu cha usalama kikiwekwa wazi kwa kila mtu, si wezi nao watakisoma?” Ni swali zuri, na jibu lake ni la zamani. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha mzaliwa wa Uholanzi aliyeishi Ufaransa, aliandika kwamba mfumo mzuri wa siri haupaswi kuharibika hata ukiangukia mikononi mwa adui. Siri iwe ufunguo peke yake. Kitasa kizuri ni kile ambacho hata fundi aliyekitengeneza hawezi kukifungua bila ufunguo wako.

Programu huria ni zile ambazo msimbo wake umewekwa hadharani, na mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia na kuurekebisha. Kwenye uhakiki jambo hili ni la lazima. Kama mashine ya kuhakiki programu nayo ni boksi lililofungwa na muuzaji yuleyule, tumemwachia fisi bucha. Zana ikiwa wazi, mhandisi wa wizara, mwanafunzi wa chuo kikuu au mtaalamu wa nchi nyingine anaweza kuikagua na kusema hapa pana tundu. Na kituo cha afya cha kata kinaipata bure kama ilivyo kwa hospitali ya rufaa.

Naomba mzazi asichanganye mambo hapa. Kuwa huria ni kwa zana na kanuni za kuhakiki. Picha ya kifua cha mwanao, jina lake na majibu yake hubaki siri yake na yako.

Kuthibitisha bila kufichua

Kuna hali moja ngumu zaidi. Sehemu nyingine picha haisomwi na kompyuta ya kituo, bali inatumwa kwa intaneti kwenda kwenye kompyuta ya kampuni, pengine nchi ya mbali, na namba inarudi. Hapo faili lenyewe hatulioni, tutachukuaje alama yake ya kidole?

Mwaka 1985 wanasayansi watatu, Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff, walionyesha kwamba mtu anaweza kuthibitisha kuwa anajua jambo bila kulifichua jambo lenyewe. Nitaeleza kwa mfano wa kliniki ya watoto.

Mama ana mapacha wanaofanana kabisa. Anasema yeye anawatofautisha, lakini hataki kukuambia alama anayoitumia. Unawachukua watoto nyuma ya pazia, ama unawabadilishana mikono ama unawaacha walivyo, kisha unatoka na kumuuliza, “Mama, nimewabadilisha?” Akibahatisha, mara ya kwanza ana nafasi moja kati ya mbili ya kupatia. Akipatia mara 10 mfululizo, nafasi ya kuwa anabahatisha ni moja kati ya 1,024. Akipatia mara 20, ni moja kati ya zaidi ya milioni. Umeridhika kwamba anawajua wanawe, lakini bado hujui anawatambuaje.

Kwa hesabu za jamii hiyo, kampuni inaweza kurudisha namba 41 pamoja na uthibitisho kwamba imetoka katika toleo lililosainiwa na si jingine, bila kutoa siri za programu yake. Zipo zana zinazofanya hivyo, mojawapo ikiitwa EZKL. Kasoro yake ni kwamba hesabu hizo ni nzito, na kwa mifumo mikubwa zinachukua muda na nguvu nyingi za kompyuta. Kwa vituo vyetu vingi, alama ya kidole na saini ndiyo hatua ya kwanza iliyo ndani ya uwezo.

Saini haimgeuzi mwongo kuwa mkweli

Hapa naomba usome polepole. Uhakiki wote nilioueleza unajibu swali moja: je, programu hii ni ileile? Haujibu swali la pili: je, ni nzuri? Lakiri kwenye boksi la dawa inakuhakikishia kwamba halijafunguliwa njiani. Haikuambii kama dawa inatibu.

Marekani walijifunza hili kwa uchungu. Programu ya kampuni ya Epic ya kutabiri sepsis, yaani hali inayotishia uhai pale mwili unapoitikia maambukizi vibaya na kuumiza viungo vyake wenyewe, ilikuwa imewekwa katika mamia ya hospitali huku undani wake ukiwa siri ya kampuni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipoipima wenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 2021, walikuta kwamba kati ya wagonjwa 2,552 waliopata sepsis, programu haikuwatambua 1,709. Hao ni asilimia 67. Tatizo halikuwa mtu kuichezea. Programu ilikuwa ileile iliyouzwa, ila haikufanya kazi kama ilivyotarajiwa.

Kwa hiyo tunahitaji vyote viwili. Kipimo huru kinachosema programu inafaa kwa watu wetu, na saini inayosema kilichopimwa ndicho kinachotumika leo. Kipimo bila saini ni sawa na kukagua gari moja kisha ukapanda jingine. Saini bila kipimo ni kufunga kwa makini boksi usilojua lina nini.

Nawe mgonjwa au mzazi ufanye nini?

Hutakiwi kujua hesabu hizi. Lakini unayo haki ya kuuliza, na maswali yafuatayo hayamvunjii heshima daktari.

Kwanza, uliza picha yako imesomwa na nani: mtu, programu, au vyote viwili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inampa mtu nafasi ya kudai kwamba uamuzi unaomgusa kwa uzito usitegemee mashine peke yake. Kama imesomwa na programu, omba mhudumu mwenye taaluma apitie pia.

Pili, omba jina la programu na toleo lake viandikwe kwenye majibu yako, kama unavyoandikiwa jina la dawa na dozi. Mkikutana na tatizo baadaye, huo ndio mwanzo wa kufuatilia. Mganga mfawidhi akisema hawana utaratibu huo, usigombane naye. Umeshampa wazo.

Tatu, kwa mtoto uliza kama programu imeidhinishwa kwa umri wake. Nimeshasema kwamba pendekezo la WHO la mwaka 2021 linahusu kuanzia miaka 15. Kifua cha mtoto wa miaka mitatu si kifua cha mtu mzima kilichopunguzwa ukubwa. Kwa mtoto asiyeweza kutoa makohozi, tunaweza kupima kinyesi, au kunyonya majimaji ya tumboni kwa mpira mwembamba.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote, usiruhusu namba ikunyamazishe. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito ni dalili zinazotosha kudai kipimo cha makohozi, hata kama kompyuta imesema uko salama. Kwa mtoto, angalia pia kama haongezeki uzito, hachezi kama zamani, au anaishi nyumba moja na mtu aliyegundulika na kifua kikuu. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituoni hata kama hakohoi, kwa kuwa aliye mzima naye anaweza kupewa dawa za kinga.

Wala usiikimbie eksirei kwa sababu ya niliyoyaandika. Programu hizi zimesaidia kuwapata wagonjwa ambao wangebaki mitaani wakiambukiza wengine. Ninachoomba ni kwamba chombo kinachoamua nani apimwe na nani arudi nyumbani kiwe na kumbukumbu, kama ilivyo kwa dawa, chanjo na chupa ya damu.

Siku hizi fomu zetu za uchunguzi zina mstari mmoja zaidi chini ya alama ya kompyuta. Hapo tunaandika toleo la programu na herufi nane za mwanzo za alama yake ya kidole, na alama kamili inabaki kwenye kompyuta. Kuuandika hakuchukui hata nusu dakika. Yule dereva wa bodaboda alipokuja kumleta bintiye kliniki nilimwonyesha mstari huo. Aliutazama kwa muda, kisha akasema, “Sasa mtu akiuliza, mtakuwa na la kumjibu.”

Mwandishi wa safu hii ni daktari. Makala haya ni ya elimu kwa jumla na hayachukui nafasi ya ushauri wa mhudumu wa afya aliyekuona.